Fundi Asiyetaka Kuona Meno Yake

Fundi Mkongo wa pikipiki za zamani pale mtaa wa Saint-Josse, Brussels, hung'arisha chuma, kisha huufifisha ule mng'aro. Zaituni, aliyemletea pikipiki ya marehemu mumewe, alimtazama akiinamia kifuniko cha tangi na kukikenulia meno kama kioo, kisha akikisugua tena taratibu kwa kitambaa chenye majivu, huku anapiga mluzi.

"Papa, mbona unaharibu tena?"

"Nikiona meno yangu, maman, njo nimeharibu. Kiwandani haikukuwa inangaa hivi. Kivuli tu, bon, inatosha."

Ikabaki pedali ya kuwashia, iliyolika upande mmoja mpaka shaba ya chini ikachungulia. Zaituni akamsogezea kitambaa. Fundi akakitia mfukoni.

"Apa sigusi. Apa bwana yako alisugua ye mwenyewe, na kiatu."