Aliyepokea Lindo la Kanali

Eliudi alikuwa Mshambaa wa Bumbuli, mrefu, mchache wa maneno, na alikuwa mlinzi wangu kabla hajawa Kanali wa mtu yeyote. Nilimchukua mwaka alioacha kukata mkonge, kwa kuwa alikuwa amepigana Burma na hakunywa tembo. Ghala langu la mbata lilikuwa Mabawa, na siku hizo wezi walikuwa wakiingia ghala za watu kama wanaingia kwao. Mimi nilianza kwa kuuza kahawa mitaani, birika mkononi. Kila gunia lililokuwa mle ndani nilijua lilivyopatikana. Nilitaka mtu asiyelala.

Alasiri moja nikamkuta amekaa mkekani, mgongo ukutani, macho kayafumba. Nafungua mdomo nimtukane, yeye akasema, bila kufumbua, "Weka chini." Nyuma ya ghala kitu kikaanguka kwa kishindo. Tulipozunguka tulimkuta mtu kapiga magoti kando ya gunia langu, anaomba asirogwe. Nadhani Eliudi alisikia mbata zikigongana guniani. Nazi iliyokaushwa ina sauti yake. Nilimwuliza.

"Sikusikia, Bwana Badr. Niliona."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na sikupata kumkamata na uongo, wala siku ile wala baadaye.

Habari zikatembea. Mwaka haujaisha, watu wakawa wanamfuata awafundishe. Wengi walikuwa wamepita keya, jeshi la Mwingereza, kama yeye. Wengine walikuwa wachezaji wa beni, ngoma ya gwaride iliyokwisha kufa, wana makoti na kofia nyekundu masandukuni na hawana pa kuzivalia. Wakajipa vyeo vile vile vya beni. Eliudi akawa Kanali. Ernesti, fundi cherehani wa Nguvumali, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akawa Meja. Wakajiita Kikosi cha Nia.

Kazi yao ilikuwa kupigana na wezi na wachawi bila kunyanyua mkono. Mtu anakaa mkekani, anafunikwa shuka nyeupe, na roho yake inatoka kwenda kumkabili adui huko aliko. Sharti lao kubwa: aliye lindoni haguswi wala haitwi, maana roho itakosa njia ya kurudi. Anatoka kwa namna moja tu. Mwenzake apige saluti, aseme "Nimekupokea," amguse bega, kisha akae yeye chini ya shuka papo hapo. Lindo haliachwi tupu. Ilikuwa zamu ya keya, wameihamishia mkekani.

Sisi wenye maduka tulichorewa jicho la chokaa mlangoni, na wezi wakalikwepa. Sikuuliza kama Kikosi kinaona. Nilitaka kujua kama wezi wanaamini, na waliamini. Timu za mpira zikawaita, wenye mashamba wakawaita, hata mtu aliyepotelewa na mbuzi aliwaita. Mchungaji wake Eliudi akamtenga na meza ya Bwana. Eliudi akahuzunika, lakini hakuacha. Nikawapa ua wangu, nyuma ya ghala, bila kodi. Ghala lenye kikosi kizima mgongoni lina haja gani ya kufuli?

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, masika yamekwisha na mbu wamejaa, mganga mmoja wa Pangani akajigamba kuwa atakikausha Kikosi chote. Ernesti akatangaza Lindo Kuu: Kanali atakaa uani kwangu Jumamosi, tangu asubuhi hadi alasiri, amkabili huyo mganga, na kila mtu aje aone.

Jumamosi ile mke wa Eliudi, Bertha, alinifuata dukani. Uani watu walikuwa wamejaa hadi juu ya ukuta.

"Shikamoo, Bwana Badr."

"Marahaba, Mama Anjela. Mbona uko huku, na mumeo yuko kule?"

"Nimetoka kule. Ana homa tangu juzi. Asubuhi alikuwa anazungumza na mama yake, na mama yake tulimzika. Nikamwambia usiende. Akaniambia watu wamekwisha kuitwa."

Nikaenda naye. Chini ya shuka Eliudi alikuwa anatetemeka hadi mkeka ukawa unasogea. Watu wamefurahi. Kila meno yakigongana Ernesti ananyoosha mkono: "Mnaona? Hapo wameshikana." Na wale wenye makoti wanapiga visigino.

Nilichuchumaa karibu. Shuka ilikuwa imelowa. Ghafla kutetemeka kukakoma, pumzi ikaanza kukwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi. Nikaogopa. Nilimwogopea yeye, na niliogopa maiti uani kwangu na polisi mlangoni; mawazo hayo yalinijia pamoja.

"Meja, mtoeni."

"Hatolewi. Yuko katikati."

"Ana malaria huyu."

"Jasho la vita ulijulia wapi, Bwana Badr? Kwenye mbata?"

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Akifia hapa?"

"Akijifia, amekufa vitani. Akifa umemgusa, umemuua wewe."

Bertha alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuelekea shuka. Akaurudisha kifuani. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa jambo: naye alikuwa anaamini nusu. Kwa miaka mitatu alisikia maneno hayo nyumbani kwake, kwenye chakula, na aliyeyasema hakuwa mwongo. Na mimi, ningekuwa na hakika, ningemnyanyua bila kuomba ruhusa. Sikuwa nayo.

Nimezoea wauzaji wasiotaka kuuza. Nikamrudishia Ernesti maneno yake mwenyewe.

"Sawa, haguswi. Lakini anapokewa, sivyo?"

"Anapokewa."

"Basi mpokee."

Akanitazama. "Kanali hupokewa na Kanali."

"Na Burma, afisa akipigwa risasi, mlikuwa mnangoja mwingine aletwe kwa meli?"

Mkeya mmoja mzee akacheka: "Hapo kasema." Ernesti akageukia watu wake. "Basi yeyote mwenye nia, aje."

Hakuja mtu. Wote walikuwa wameona ule mtetemeko, na wote waliamini kuwa kilichomtetemesha Kanali kingewavunja wao. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa makubadhi yasiyo na kamba.

"Makoti yote hayo," akasema mama muuza njugu, "hamna watu ndani?"

Pumzi ya Eliudi ikakatika, kisha ikarudi. Bertha akasimama mbele ya Ernesti.

"Shemeji, mke anaweza kupokea?"

"Hana kiapo."

"Sikukuuliza kiapo. Lindo lisiachwe tupu, ndivyo mnavyosema. Nikikaa mimi, litakuwa tupu?"

Bertha akapiga saluti, kwa mkono wa kushoto, akasema, "Baba Anjela, nimekupokea," akapiga magoti, akamgusa bega. Eliudi akamwangukia mapajani, macho meupe, mwili unawaka.

Tulimlaza juu ya mkokoteni wa mbata, mimi na wapagazi wangu wawili. Nikamwambia Bertha twende.

"Na hapa nani atabaki?"

"Mama Anjela, haya ni maneno ya watu tu."

"Pengine. Kama ni uongo, nimekaa mkekani. Kama ni kweli, atakuwa na njia ya kurudi. Nenda naye."

Akavuta shuka, akajifunika.

Tulisukuma kwenda Raskazone, hospitalini, jua la utosini. Relini tukakuta mabehewa ya katani yamefunga njia, treni haiendi wala hairudi, na mimi nimeshika kichwa cha mtu nikihesabu pumzi zake na kukosea hesabu. Hospitalini walimchoma sindano, wakampeleka ndani. Daktari hakuniahidi kitu. Nikamwacha mpagazi mmoja pale, Noa, nikarudi.

Uani watu walikuwa bado wapo, wanangoja kuona mwanamke akitupwa chini. Kikosi kimekaa kivulini, makoti yamevuliwa. Bertha kakaa wima, hatikisiki. Nikanong'ona karibu na shuka kwamba mumewe amechomwa sindano na bado hajafumbua macho. Pumzi zake zikaenda mbio; shuka ilinyonywa mdomoni, ikaachwa, ikanyonywa.

Alasiri ikaadhiniwa. Hakutoka. Watu wakaanza kwenda zao, wengine wakabaki wamesimama tu, maana hapakuwa tena na cha kushangilia. Mimi nilikuwa natazama mlango. Nilikuwa nimekwisha panga nitakavyomwambia Bertha kama mumewe amekufa, nikapanga upya, na kila mpango ulikuwa mbaya.

Jua linashuka, Noa akaingia anakimbia.

"Ameomba maji. Anauliza lindo lake kashika nani."

Bertha akafunua shuka. Uso umelowa kama ametolewa kisimani. Akamtazama Ernesti, akawatazama wote.

"Nani anipokee?"

Wakatazamana. Akangoja, kweli alingoja. Kisha akasimama, akakunja shuka, mkeka akauviringisha chini ya kwapa.

"Basi limekwisha," akasema, akaenda hospitalini.

Kikosi hakikukutana tena. Ernesti alirudi kwenye cherehani, na ukimtajia Meja anakuuliza nguo yako ni ya lini. Wavulana waliyakwangua yale macho ya chokaa, na mwezi ule ule wezi wakavunja duka la jirani yangu. Nikamchukua tena Eliudi. Sindano za kwinini, dawa ya malaria, zilikuwa zimemwachia mvumo masikioni, hasikii hata gunia likikokotwa. Nikampa taa na rungu, na mbwa wa kusikia kwa niaba yake.

Aliniambia alimwuliza mkewe mara moja tu aliona nini kule chini ya shuka.

"Kasema nini?"

"Kasema aliona miguu ya wanaume, inarudi nyuma."