Godoro Langu la Majani ya Mgomba

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba usiku ule hakuna aliyesikia baridi.

Mimi ni mwongoza watalii, mzaliwa wa huku mlimani, na kwa mambo ya baridi huniambii kitu. Mwezi wa saba wanakwaya kutoka Moshi mjini walikuja kupiga mahema shambani kwetu. Jioni nikawakuta wamejifunika mablanketi mawili mawili, na bado wanatetemeka.

"Baridi inatoka chini, jamani!" nikawaambia. "Babu zetu walilalia majani makavu ya mgomba."

Nyuma ya banda la mbuzi palikuwa na lundo zuri, limekauka kabisa. Nikalibeba lote, nikawatandikia hema kwa hema, huku nawahutubia kama profesa.

Asubuhi nikauliza kwa madaha, "Kuna aliyesikia baridi?"

"Hakuna!" wakajibu, huku wanajikuna. Nikadhani joto langu limewazidi.

Mama akaja na chai ya maziwa.

"Shikamoo mama!" kwaya nzima ikamwamkia.

"Marahaba, wanangu." Kisha akanigeukia. "Nimeona umeyaondoa yale majani niliyoyatoa bandani. Asante kwa kunichomea, baba. Viroboto walikuwa wanawamaliza mbuzi wangu."