Mbolea Iliyovuka Mto

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu juu ya Ruiru hakuna aliyethubutu kuvusha mbolea ya mbuzi ng'ambo ya mto. Jirani akiomba mboga alipewa kikapu kizima; akiomba mbolea, hata konzi moja hapati. Cucu, mama yake baba, alisema mbolea ya zizi ikivuka maji, boma limeagwa, na wenyewe hawarudi tena. Baba, mtu wa kanisa, alimcheka. Ila hata yeye sikumwona akijaribu.

Ikaja Hali ya Hatari ya Waingereza. Baba akatiwa kizuizini, nasi tukaswagwa hadi kijiji kipya upande wa Thika. Ah, udongo ule! Wa kwetu ulikuwa mwekundu, laini, unapukutika mkononi. Huu mweusi, ikinyesha unang'ang'ania miguu, jua likiwaka unapasuka nyufa. Cucu alipanda managu, ile mboga ya mnavu, akarudia. Yakadumaa yakiwa manjano. Na mama alikuwa amejifungua. Kwetu mzazi hulishwa managu maziwa yashuke, na ya mama yalikuwa yanakauka. Mdogo wangu alilia hadi sauti ikamkauka.

Asubuhi moja wanawake waliruhusiwa kutafuta kuni. Cucu alinishika mkono, tukazipita kuni, tukavuka mto, tukapanda hadi kwetu. Nyumba ilikuwa imechomwa. Zizi lilibaki, mbolea imelala humo, kavu. Cucu akapiga magoti akajaza kiondo.

"Cucu, si ulisema hatutarudi?"

"Nilisema." Akakaza ukanda kwenye paji la uso. "Twende, Wambui."

Katikati ya mto alisimama, akageuka kupatazama kwetu. Alilia waziwazi, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia. Kisha akavuka.

Mama alipoona kiondo alishika kichwa. "Ngai! Maitu, mama, umefanya nini? Baba yao akitoka atarudi wapi?"

"Huyu anyonye kwanza," Cucu akamjibu.

Aliichanganya mbolea na ule udongo mkaidi, akainua matuta maji yasituame. Managu yakaitika, majani mapana, kijani kibichi. Mama akala. Mtoto akanyonya, akanyamaza.

Baba alipoachiliwa, shamba letu lilikuwa limeshagawiwa wengine. Hatukurudi.

Sasa nalima mboga mwenyewe. Najua samadi hulegeza udongo mzito na kuulisha, na waliochukua shamba wangelichukua tu, mbolea ivuke isivuke. Najua yote hayo, na bado natamani ule udongo mwekundu, natamani hadi kifua kinauma.

Mdogo wangu, ambaye leo ana wajukuu, huniuliza kwetu palikuwaje. Humwambia palikuwa pazuri sana. Simwambii kwamba Cucu alipaaga kwa ajili yake.