Severina haulizi kama jaketi linakubana

Saa tatu asubuhi, upepo umeshaanza kulichafua Ziwa Singidani, na mwalimu mmoja wa miaka hamsini na minne anakimbia kupanda mteremko wa mawe akiwa amevaa jaketi okozi la bluu. Tumbo linatangulia, miguu inafuata. Vijana waliokaa juu ya majabali hawana mbavu kwa kucheka.

Mtu mmoja tu hacheki. Severina Joseph amesimama juu ya mteremko, futi kamba shingoni, midomo ameikaza.

"Rudi tena, mwalimu," anasema. "Bado hujachoka."

"Nimechoka, mama Jesca!"

"Kama unaweza kunijibu hivyo, bado."

Mwalimu Antipasi anashuka, kisha anapanda tena. Safari hii anafika akihema kwelikweli, jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu. Severina hampi nafasi ya kupumzika. Anamchuchumaza, anampa mshikio wa kamba, mikono mbele, magoti yamekunjwa, vile vile atakavyokaa boti itakapoanza kumvuta. Kisha anamwambia aimbe.

Mwalimu anafungua kinywa. Inatoka nusu ya ubeti, inakatika. Anavuta pumzi, inatoka nusu iliyobaki. Severina ametega sikio, na vidole vyake viwili vinapita chini ya mkanda wa tumboni. Analegeza kidogo. Anashika mabega ya jaketi na kulivuta juu kwa nguvu zake zote. Halipandi.

Hajaridhika. Anafungua mikanda yote na kuanza upya.

Hatua chache kutoka hapo, juu ya jiwe, amekaa Magreth, mke wa mwalimu. Alipofika asubuhi hii hakutaka maongezi. Alisema tu: "Dada, mume wangu namkabidhi kwako. Umenisikia?" Severina alimsikia vizuri. Mara ya mwisho alipomvika mwalimu jaketi, mwalimu alirudi nchi kavu amebebwa.

Severina ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Mgori, kwa wakulima wa alizeti na mtama, na akaja Singida mjini kujifunza cherehani. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa sare za shule na majoho ya kwaya. Mambo ya watu kuvutwa na boti wakiteleza juu ya maji kwa mbao miguuni hakuyajua, wala hakuyatamani.

"Mimi niliitwa kushona mikanda," anasema. "Nikamaliza, nikataka kuondoka. Ndipo nikaona watu wanavyovalishwa. Wanavalishwa kama magunia."

Aliyemwita ni Fabiano, mfanyabiashara aliyeuanzisha mchezo huo hapa kwa boti moja ya injini. Fabiano alihesabu mafuta, alihesabu upepo, lakini chumvi ya ziwa hili ilimpita pembeni. Haukuisha mwaka, nyuzi za majaketi zikaoza na zipu zikagoma. Severina aliyashona upya kwa uzi wa nailoni, na Fabiano akamwomba abaki kuwavalisha wageni siku za Jumamosi na Jumapili. Humlipa shilingi elfu ishirini kwa siku, na miezi ambayo shule zimefungwa hizo ndizo zinazompikia chungu chake.

Wageni, anasema, huchagua jaketi kwa rangi, ili picha zipendeze. Wengine huchagua kubwa kupita kiasi ili wawe huru. Uhuru huo huisha wanapoanguka. Boti ikiwa kasi maji huwa magumu kama sakafu. Jaketi lililolegea hurushwa hadi masikioni na mwili ukachomoka kwa chini.

"Jaketi linaelea, mwenyewe hayupo," anasema Severina, na hatabasamu.

Linalobana nalo lina balaa lake: mbavu hazitanuki. Halafu kuna yale yenye kola nene, mazuri kwa abiria aliyekaa, lakini kwa mtu anayeteleza yanamsukuma kisogo mpaka haoni mbele. Na kuna yenye makwapa membamba yanayochubua ngozi, kwa sababu anayevutwa hukaa mikono mbele muda wote, na chumvi ikiingia kwenye mchubuko hapo huulizi tena. Kwa Severina, kukaa vizuri kwa jaketi si anasa. "Likimkera mtu, atalifungua mwenyewe huko huko katikati," anasema. "Sasa mimi nitamfikiaje?"

Tatizo ni kwamba huwezi kumuuliza mtu. Severina aliuliza wiki ya kwanza, na kila mmoja akamjibu kuwa jaketi lake ni zuri tu, halibani, asante. Ni adabu ya watu wa huku. Mpe mgeni kiti kibovu, atakaa kwa upande na kukushukuru.

Ndipo akaukumbuka ufundi wake wa joho. Mwanakwaya akiwa kimya, joho lolote litamtosha. Akifika kwenye sauti ya juu, mshono wa mgongoni unaachia. Kwa hiyo zamani alikuwa akiwapima wakiimba. Akaanza kuwaimbisha na wageni wa ziwani. Wakristo wakaimba nyimbo za kanisani, Waislamu wakaimba kaswida, vijana wakaimba hizi zao za redioni, na wasioweza kuimba wakasoma jedwali la kuzidisha kwa sauti. Sauti ikikatika, jaketi linabana. Kwa muda mrefu njia hiyo haikumwangusha.

Mpaka alipokuja mwalimu Antipasi, mwezi wa sita.

Mwalimu anafundisha shule ya msingi upande wa Mkiwa, na kwaya ameifundisha kwa karibu miaka thelathini. Siku hiyo alijichagulia jaketi dogo kuliko mwili wake. Anakiri bila aibu kwamba alilipenda kwa ajili ya tumbo. "Lililificha vizuri," anasema. "Nilijiona kijana."

Vidole vya Severina havikupita chini ya mkanda. Alimwambia abadilishe. Mwalimu akacheka, akasimama kama yuko madhabahuni, akaachia sauti moja ndefu iliyofanya watu waliokuwa kwenye majabali wasimame na kupiga makofi.

"Vidole viliniambia hapana, sikio likaniambia ndiyo," anasema Severina. "Nikalisikiliza sikio. Nilisahau kitu kimoja. Mtu wa kwaya anajua kuipanga pumzi ndogo mpaka ikatosha wimbo mzima."

Mwalimu alisimama juu ya maji, akateleza kidogo, akaanguka. Jaketi lilimweka juu ya maji bila shida yoyote. Lakini mwanguko ulikuwa umemtoa pumzi yote, mwili ukadai pumzi kubwa, na mkanda ukaikataa. Akainua mkono.

Dereva wa boti, Frank, kijana wa miaka ishirini na sita, aliuona mkono huo. "Nilijua anatupungia," anasema, akitazama chini. "Mwalimu ni mtu wa furaha. Nikampungia na mimi."

Severina aliona kingine. Aliona kinywa kimefunguka na hakusikia kitu. Wengine wangeanguka na kunyamaza asishangae, lakini mwalimu Antipasi kinywa wazi na sauti hakuna, hilo halikuwahi kutokea. Alipiga kelele, upepo ukazibeba kwingine. Akavua kitenge chake chekundu, akaingia ziwani hadi kifuani, akikipunga na kumwita Frank kwa jina la baba yake. Frank akageuza boti. Walipoufungua ule mkanda, mwalimu alivuta pumzi kwa mlio ambao Severina anasema bado anausikia anapokanyaga cherehani. Alilazwa siku mbili.

Hakuna aliyemlaumu. Fabiano alisema ajali ni ajali, na mwalimu akasema kosa ni la tumbo lake. Magreth alinyamaza tu.

"Nilitamani anitukane," anasema Severina. "Angenitukana ningepumua."

Alijifungia nyumbani wiki mbili. Aliporudi kazini aliacha kuimbisha watu, akarudia kuuliza, nao wakarudia kumjibu kwa adabu. Kila boti ilipoondoka moyo wake ulikwenda nayo, na hakula hadi irudi. Alishapanga kumuaga Fabiano na kumwachia mambo yake.

Kilichombadilisha mawazo ni mbwa wa jirani. Jesca, binti yake, aliingia ndani jioni moja akikimbizwa, akashika mlango, akataka kueleza. Neno halikutoka. Jesca naye ni mwanakwaya. Severina akamtazama anavyohangaika, akaacha mboga jikoni. Mtu anayehema hana ujanja wa kupanga pumzi, hata awe mwimbaji wa namna gani. Tangu hapo watu hukimbia mteremko kwanza, ndipo waimbe. Na vidole vikikataa, hata mgeni aimbe namna gani, jaketi linavuliwa.

Lakini wote aliowapima hivyo ni watu wengine. Mwalimu Antipasi ndiye aliyemwangusha, na leo amerudi.

"Tayari, mama Jesca?" Frank anauliza kutoka kwenye boti. "Upepo unaongezeka."

Severina anaingiza vidole kwa mara nyingine. Anavuta mabega. Anamzungusha mwalimu, anatazama makwapa, anamwinamisha. Mwalimu anamnong'oneza, "Niachie, mama. Ukiendelea hivi tutafika Krismasi."

Anamwachia. Mikono yake inabaki hewani kidogo, haina kazi.

Boti inanguruma. Mwalimu anainuka, anayumba, anasimama. Vijana wa kwenye majabali wanashangilia. Magreth ameshuka kutoka kwenye jiwe na sasa yuko bega kwa bega na Severina. Boti inakata kona kuelekea upande wenye mawimbi, na hapo ndipo ubao mmoja unapokwama.

Anaanguka kifudifudi, vibaya kuliko siku ile.

Wimbi linapita juu yake. Magreth anaudaka mkono wa Severina na kuukandamiza kwa kucha. Lile jaketi la bluu linaonekana, linapotea, linaonekana tena, na kichwa kiko juu yake, kimeinuliwa vizuri. Kinywa kiko wazi. Severina ameshavua kandambili. Amesimama kwenye ukingo wa maji, ametega sikio kuelekea upepo, na uso wake umekuwa wa mtu anayesubiri hukumu.

Inakuja. Si wimbo. Ni mwalimu wa shule ya msingi anayemgombeza mtu.

"Frank! We Frank! Unaenda wapi na kamba? Ilete hapa!"

Vijana wanaangua kicheko. Severina anakaa chini palepale kwenye matope, na machozi yanamtoka bila kizuizi. Hayafuti. Magreth bado ameushika mkono wake, na inamchukua muda kuugundua na kuuachia.

Mwalimu anavutwa mara mbili zaidi, anaanguka mara mbili zaidi, na kila mara anagomba. Magreth anaangalia yote hayo akiwa amesimama. Halafu anasema kitu ambacho Severina hakukitegemea.

"Na la kunitosha mimi, lipo?"

Wanajaribu yote. Magreth ni mama mnene wa kifua, na majaketi haya yamekatwa kwa vifua vya wanaume. Linalofunga kifuani linaning'inia kiunoni, linalokaa kiunoni halikutani kifuani. Kwenye la mwisho Magreth anaivuta mikanda, anajikaza, na kutabasamu kwa adabu.

"Hili linatosha, dada. Ni zuri tu."

"Halitoshi, mama mwalimu," anasema Severina, na anamvua. "Leo huingii."

Na hapo ndipo anapoeleza jambo ambalo mpaka sasa Fabiano peke yake alikuwa analijua. Anataka kushona majaketi ya wanawake. Ameshapata kitambaa kigumu na uzi usiooza, na sponji isiyonyonya maji aliikata vipande akavizamisha kwenye pipa la maji ya ziwa kwa wiki nzima chini ya jiwe. Vilipoachiwa, viliruka juu. Anataka mishono ya kifua kama ya gauni, makwapa mapana, na mkanda wa tumboni unaotanuka kidogo. Likikamilika, Fabiano amekubali likakaguliwe na wakaguzi wa vyombo vya majini kabla mgeni yeyote hajalivaa.

"Nataka mwanamke aingie ziwani avae kitu kilichoshonwa akifikiriwa yeye," anasema. "Jaketi la kwanza nilikuwa sina mwili wa kulipimia."

Ameshaifungua futi kamba. Magreth ameweka mikono yake kifuani, haiondoi.

"Na kabla ya hao wakaguzi, nani atalijaribu?"

"Mimi. Pale kwenye kina, Frank akiwa pembeni na boti."

"Kumbe unajua kuogelea?"

"Hata kidogo."

"Sasa wewe dada!"

"Anayejua kuogelea akielea, mama mwalimu, nitajuaje kama ni jaketi?"

Magreth anatikisa kichwa. Kisha anavua kitenge cha mabegani, anakiweka juu ya jiwe, na kuinua mikono apimwe.