Nyavu Jikoni kwa Mama Mkwe

Mkataba wa mto tuliuandika hapa Nyangwe, na mkono ulioandika ni wangu, jambo nililojivunia kupita kiasi. Majira ya samaki kutaga, hakuna kuvua kwenye kihori cha mto, pale mkono wa maji tulivu wanapozalia; na wavu wa chandarua, ule unaozoa hata vifaranga vya samaki, ukionekana unachomwa. Wanakijiji wote walipiga makofi. Kisha kamati ya mto ikanituma mimi nipite nyumba kwa nyumba kukusanya nyavu hizo.

Siku ya kwanza sikupata hata uzi. Akina mama walinikaribisha jikoni kwa tabasamu, wakanifunulia hadi vyungu. Nilirudi nyumbani nikidhani tumekuwa watakatifu. Mke wangu ndiye aliyeshindwa kuzuia kicheko: nyavu za mtaa mzima zilikuwa jikoni kwa mama yake.

Hapo nilipatikana. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe; hata jiko likiungua, atamwaga maji akiwa nje. Hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Nilikasirika, nakiri, maana mkataba ungefia humo na kihori kingebaki maji matupu. Nikamwomba mke wangu aende yeye.

“Ule ni mama yangu,” alisema. “Weye njo uliandika, utamaliza weye.”

Kesho yake asubuhi nilibeba kiti nikaenda kukaa uani kwa mama mkwe, nimeupa mlango wa jiko mgongo. Sikuingia. Ila heshima hii ina pande mbili: maadamu mkwe yupo uani, mama mkwe aliyemo jikoni naye hawezi kutoka. Nikausoma mkataba wote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kisha nikaanza upya. Majirani wakajaa kutazama. Nilipoanza mara ya tatu, nyavu zikaanza kurushwa dirishani; mmoja ukanitua kichwani, watu wakashangilia kama tumefunga goli.

Wa mwisho ulitoka polepole, umekunjwa vizuri. Ulikuwa wa mama mkwe mwenyewe, ule uliolisha wajukuu wake kila mchana, watoto wangu wakiwamo.

“Mukwe, kamata,” alisema nyuma yangu. “Sasa kesho batoto batakula nini?”

Niliufungua tena mkataba, nikapekua kurasa zote, ingawa nilijua nilichokiandika na nisichokiandika.

“Sijui, Mama,” nikajibu, na niliona aibu kubwa.