Nilimkana Baba Mkwe kwa Ajili ya Sarafu ya Furu

Nilikosa. Nianze hapo hapo, maana nikianzia kwingine nitajitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha. Mzee wa watu alilala mahabusu kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mzima, na ulimi kinywani!

Jina langu niachie. Niite fundi. Miaka ile ya soko huria nilikuwa na meza yangu pale Makoroboi, Mwanza mjini, nachonga funguo, mihuri na maandishi ya vikombe vya washindi wa mpira. Kazi ilikuwepo. Kila mtu alikuwa anafungua duka, na kila duka lilitaka kufuli na mhuri.

Nilikuwa na mchumba wa Sengerema, nimwite Kabula. Baba yangu kule Magu alikuwa ameshatoa ng'ombe wa mahari, imebaki harusi tu. Baba yake Kabula, nimwite Mzee Lugata, alikuwa na ugonjwa mmoja: sarafu. Si za kununulia chumvi. Yeye alitafuta zile za kumbukumbu, zinazotolewa nchi ikiadhimisha jambo, ambazo sisi wengine tulizitumia bila hata kuzigeuza kuona zimechorwa nini. Alizifunga moja moja kwenye vitambaa na kuziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Shilingi ilivyokuwa inaporomoka, mafundi walizitoboa sarafu wakazifanya washa, vile visahani vya kukazia misumari ya bati. Mzee akiona paa la namna hiyo, siku yake imeharibika!

Alikuwa anavuka na kivuko, anakuja kukaa kwenye benchi langu, tunabishana. Mimi nasema sarafu zinakufa, kesho tutatumia noti tupu. Yeye anatikisa kichwa.

"Zitabaki, mwanangu. Swali ni zitachorwa nini. Mpaka leo tunachora wakubwa na wanyama wa watalii. Nani atamchora furu?"

Furu, kwa asiyejua, ni visamaki vidogo vya ziwa letu. Wazee wetu wamekuzwa navyo. Akaja sangara, akavimaliza. Wakati ninaosimulia, ndege kubwa za mizigo zilikuwa zinashuka Mwanza kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, na sisi tunagombea mapanki, yaani mifupa inayobaki kiwandani.

"Sangara hana haja ya kumbukumbu," mzee alisema. "Yupo, kila mtu anamwona. Sarafu ya kumbukumbu ni ya aliyeondoka."

Siku moja akaja na mchoro. Furu mmoja, mawimbi yamemzunguka, magamba yote yanahesabika. Ulikuwa mzuri, we acha tu! Alikuwa ameshamwonyesha kila mtu: padre, walimu, hata karani wa benki, akimwuliza aupeleke wapi ili wakubwa wauone. Sasa alitaka nimtengenezee mfano mmoja wa shaba, wauone ukiwa sarafu kweli.

"Upande mmoja tu," akaniambia. "Wa pili uache mtupu. Nembo ya nchi si yetu kuichonga, na thamani hatuna mamlaka ya kuiweka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Nilimwelewa vizuri sana! Ndiyo maana siwezi kusema nilikosa kwa kutojua.

Nikachonga, nikatengeneza kalibu ya udongo, nikayeyusha makufuli mabovu na koki za shaba, nikamimina. Furu akatoka safi. Kabla mzee hajaja kumchukua, akapita dalali mmoja wa madini kuchongesha ufunguo. Akamwona furu mezani. Akamgeuza.

"Mbona huku hakuna kitu? Hiki kifungo cha koti, bwana! Tia nembo na shilingi, mimi nikuletee Wazungu. Wanakusanya hawa, hata bei hawaulizi."

Nilimcheka. Akaondoka, mimi nikabaki sichongi kitu. Harusi ilikuwa inakaribia, nami nilitaka bendi, nilitaka gari la kukodi, nilitaka ndugu wa Kabula wasiniite fundi wa funguo. Basi nikafunga mlango, nikachonga upande wa pili. Nembo nikatia. Thamani nikatia. Nikajiambia chache tu, halafu basi. Mwizi, wa kwanza kumwibia ni moyo wake mwenyewe!

Dalali aliziuza kwa maneno matamu: toleo jipya, bado halijatangazwa, nimepata kwa mtu wa ndani. Mzee nilimpa yake, yenye upande mtupu kama alivyotaka. Aliishika kwa ncha za vidole, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Aibu hiyo ilikaa siku mbili, ikaisha.

Mnunuzi mmoja wa samaki, mgeni, alizipenda akaenda benki kuulizia nyingine. Akampa karani yule yule moja aitazame. Karani akamwona furu, na mchoro wa mzee ukamjia kichwani.

Akawaita polisi, nao wakavuka kwenda Sengerema. Nyumbani kwa mzee wakakuta mchoro, wakakuta kopo limejaa sarafu, wakakuta na ile ya shaba niliyompa. Wangetafuta nini tena?

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nasugua ufunguo nikaona watu wa Makoroboi wanapisha njia. Askari wawili, na katikati yao Mzee Lugata, mikono imefungwa pingu, shati limetoka nje ya suruali. Mzee ambaye sijawahi kumwona bila shati lake kuchomekwa! Walikuwa wameambiwa kwamba akija mjini hukaa kwenye benchi langu.

Chini ya meza yangu kulikuwa na debe la rangi. Ndani ya debe kulikuwa na kalibu, na sarafu ambazo dalali alikuwa hajazichukua, nimezifunika kwa tambara. Askari mmoja, mnene, alikuwa amechoka na jua. Akalivuta lile debe kwa mguu, akalikalia. Mungu wangu!

Mwenzake akanionyesha furu wa pande mbili, kisha akamwelekea mzee kwa kidole.

"Unamfahamu huyu?"

Mzee akanitazama. Alikuwa ameshaonyeshwa ile sarafu, na kazi ya mkono wangu aliijua. Njia nzima walikuwa wanamwuliza nani amekuchongea, na hakumtaja mtu. Hakunikonyeza wala hakunisihi. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: afande, huyu ni baba mkwe wangu, na kazi hii ni yangu.

"Ni mteja tu, afande," nikasema. "Simjui."

"Humjui? Na benchi hili anakaa kila akija?"

"Wateja wanakaa wengi. Mimi nitajua kila mtu?"

Askari akamgeukia mzee. "Na wewe, huyu fundi unamjua?"

Mzee aliinamisha macho.

"Kama yeye hanijui," akasema taratibu, "mimi nitamjuaje?"

Yule mnene akasimama, akalirudisha debe chini ya meza kwa kisigino. Likalia! Shaba kwa shaba, sauti ambayo hata mtoto angeijua.

"Humo mna nini?"

"Makufuli mabovu, afande."

Akanitazama. Akatazama jua. Wakaondoka naye.

Jioni ile nilikwenda ufukweni nyuma ya Kirumba, nikatupa kila kitu kati ya mawe, mahali penye kina.

Kabula alikuja kesho yake. Hakukaa.

"Nitazame. Baba hataki kusema kitu. Ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Vidole vyako vimeungua na nini?"

"Pasi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoipenda, akaondoka bila kuaga. Ningeweza kumkimbilia. Kituo cha polisi kilikuwa karibu, hata jasho lisingenitoka. Nilirudi kwenye meza nikamaliza ufunguo wa mtu.

Mzee alikaa mahabusu masika yote. Mwisho wakamwachia, maana kwake hawakukuta tanuru wala kalibu, na dalali alikuwa amekimbia. Alitoka na kikohozi. Kopo lake lilirudi limejaa vitambaa, na vingi vilikuwa vitupu. Zile sarafu nzuri zilipotelea mikononi mwa watu, na mchoro haukurudi kabisa.

Nikasema sasa nitakwenda. Nitapiga magoti, nitasema yote. Jumapili hii, Jumapili ijayo. Siku moja nilifika mpaka kwenye foleni ya kivuko, nikanunua tiketi, nikampa mama mmoja mwenye mizigo.

Nilikuwa Magu, nyumbani kwa baba yangu, siku kaka zake Kabula walipoingia uani wanaswaga ng'ombe. Baba aliwatambua wale ng'ombe kabla ya kuwatambua watu. Akasimama, uso umembadilika.

"Jamani! Binti amekufa?"

"Hapana, baba. Shikamoo. Binti mzima."

"Marahaba. Sasa hawa ng'ombe?"

Yule kaka mkubwa alinitazama mimi.

"Mzee anasema fundi alitamka mbele ya askari kwamba hamjui. Na yeye hawezi kuoza binti kwa mtu asiyemjua."

Hata ndama aliyezaliwa kule walimleta. Mama aliwapa maji, wakakataa kwa heshima, wakaondoka.

"Ulisema hivyo?" baba akaniuliza.

Nikaenda kulifunga zizi. Hakuuliza mara ya pili. Siku ya mnada aliwauza ng'ombe wote, akasema hataki kuwaona zizini kwake.

Kabula aliolewa Geita. Mzee Lugata amefariki siku nyingi. Nilisikia mapema, kivuko kilikuwepo, na sikwenda kuzika. Ningekwenda kama nani?

Siku hizi vijana wameanza tena kukusanya sarafu. Wanakaa kwenye benchi langu wanabishana zijazo zitachorwa nini, nami nainama kwenye kazi yangu. Huwa nawaonya jambo moja tu, nawe nakuonya: mwenye mchoro akikwambia usiguse upande wa pili, usiuguse, hata kama ni wewe mwenye patasi. Na kama umeshagusa, siku watakapomleta mtu mbele yako kwa kosa lako, sema! Sema papo hapo, kabla hajainamisha macho. Usijidanganye kwamba utasema Jumapili.

Mimi nilingoja. Wote niliopaswa kuwaambia wamekwisha au wamekwenda, ndiyo maana leo nimekwambia wewe.