Nilimwandika ng'ombe wa Maman Nsimire hana mimba, na mkono wangu haukufika

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu. Walio kazini poleni, walio kitandani amkeni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza, na sitaongeza chumvi hata punje. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Kiswahili changu mkivumilie, huku kwetu Kifaransa kinaingia bila kubisha hodi.

Nasoma udaktari wa mifugo, niko mwaka wa tano. Ni binti, mfupi, na mikono yangu ndiyo mifupi kuliko yote darasani.

Mkumbuke hilo la mikono.

Maisha ya fakilti yetu ni ya kuchekesha ukiyatazama kwa mbali. Darubini ziko tatu, inayofanya kazi ni moja, kwa hiyo tunachora kwenye daftari kile tulichopaswa kukiona. Mifupa ya ng'ombe tunayosomea haina mguu mmoja wa nyuma, sijui ulikwenda wapi. Na tangu mwaka wa kwanza majirani wananiita Docta, wananiletea kuku wanaokohoa kabla sijajua hata mapafu ya kuku yamekaa upande gani.

Nacheka, lakini nilikuwa naipenda sana shule yangu. Naipenda bado.

Sasa tuje kwa Prof.

Ni mzee, mnene kidogo, sauti ya chini. Alikuwa anatufundisha uzazi wa mifugo, darasani na mashambani. Wote tulimwogopa, ila ni woga wa kumwogopa baba anayekupenda.

Kazi yake kubwa mashambani ilikuwa kupima mimba kwa mkono. Kwa wasiojua: unavaa gant, yaani glavu, ndefu hadi begani, mkono unapita njia ya haja kubwa ya ng'ombe, na kupitia ukuta wa utumbo unapapasa kizazi kilicho chini yake. Huoni kitu. Vidole ndivyo macho.

Prof alikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi anatangulia, anafumba macho, anasema anachosikia. Kisha Prof naye anavaa gant, anaingiza mkono, anakaa kidogo. Halafu anasema "C'est ça," yaani ndivyo, au "Rudia."

Kwangu mimi mwaka ule wa nne alisema "C'est ça" kila mara.

Wakuu, hamjui utamu wa neno lile. Vijana wa darasani walikuwa wananitania kwamba mimi nipimie mbuzi, ng'ombe niwaachie wenye mikono. Prof akaanza kuniita mimi kwanza kila tukitoka. Utani ukaisha. Wakaanza kuniita Mukono, tena kwa heshima.

Kuna mambo niliyaona nikayapuuza. Vifungo vya koti lake vilikuwa vinakosea matundu. Sindano alikuwa anampa mwanafunzi avute dawa. Siku moja alishika sufuria ya moto ya kuchemshia vifaa, akaibeba mpaka mezani, sisi ndio tulipiga kelele. Yeye aliangalia mkono wake na kusema "Tiens," kama kusema kumbe, basi.

Tukadhani ni uzee.

Sasa siku yenyewe.

Tulikwenda Nyantende kwa Maman Nsimire. Ni mjane. Mume wake alikuwa na ng'ombe wanne, watatu waliondoka na wenye bunduki, akabaki mmoja. Anaitwa Noëla kwa sababu alizaliwa Krismasi. Pembe yake ya kushoto imepinda chini, karibu iguse jicho, na ukimwona mara moja humsahau.

Tulimkuta shemeji yake Maman Nsimire ameshafika, kofia kichwani, mikono nyuma. Noëla alikuwa na muda mrefu bila kuzaa. Alikuwa amepelekwa kwa dume, shemeji akawa anasema haikushika na haitashika.

Ndugu wa marehemu walikuwa wamekaa kikao na kukubaliana hivi: watu wa fakilti wapime. Akiwa na mimba, abaki kwa Maman Nsimire, na ndama awe wake. Akiwa hana, anapelekwa machinjioni, ukoo unagawana.

Maman Nsimire alimshika Noëla shingoni, akamwambia Prof:

"Papa Docta, hii ngombe iko na mimba. Mi njo nalala karibu yake, mi najua."

Shemeji akacheka. "Wacha benye masomo baseme."

Prof akaniita.

Nikavaa gant. Nikaingiza mkono.

Naomba niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Mimba ikifika kama miezi mitatu, kizazi kinaanza kuzama mbele na chini. Mwenye mkono mrefu anakifuata na kukipata. Mimi niligusa ukingo wa kitu, nikanyoosha vidole, kikateleza. Noëla akajikaza, akanibana mkono mpaka ukafa ganzi. Nikajaribu tena. Bega langu lilikuwa limegota kabisa, hakuna mahali pa kuendelea.

Nyuma yangu nikasikia mmoja wa wenzangu anakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

"Unasikia nini?" Prof akauliza.

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijafika.

Nikasema, "Iko vide, Prof."

Vide ni tupu. Hana mimba.

Kusema kweli nilisema kwa sababu nilijua Prof anakuja nyuma yangu. Nilijiambia, nikikosea ataniambia "Rudia," nitaona aibu kidogo na mambo yataisha. Prof akavaa gant, akaingiza mkono wake mrefu, akakaa. Alikaa kuliko kawaida. Alikuwa ananitazama mimi usoni, hamtazami ng'ombe.

"C'est ça," akasema.

Nikaandika mimi karatasi ya majibu ya kipimo, yeye akasaini. Maman Nsimire hakubishana. Alimwachia Noëla shingo na kwenda kutuletea maji ya kunawa.

Wiki sita zikapita. Sisi tukaingia stage, yaani mafunzo ya kazini, ya ukaguzi wa nyama machinjioni. Tunafika asubuhi, tunavaa buti, tunakata tezi, tunakagua maini. Kazi chafu, lakini inafundisha.

Ng'ombe jike haingii pale bila karatasi inayosema hana mimba. Ndiyo sheria yao, na mkaguzi wetu alikuwa mkali nayo.

Asubuhi ile nilikuta kichwa juu ya meza. Pembe ya kushoto imepinda, karibu iguse jicho.

Nilijisemea pembe za hivyo ziko nyingi. Nikageuka nifanye kazi nyingine. Mkaguzi akaita, "Wanafunzi, mukuye muone."

Alikuwa amepasua kizazi. Ndani kulikuwa na ndama, ukubwa wa paka, ngozi bado haina manyoya, kwato laini. Amekamilika. Alikuwa amekunja miguu.

"Nani aliandika hii karatasi?" mkaguzi akauliza, hamuulizi mtu. Alikuwa ameishika mkononi. Mwandiko ni wangu, saini ya Prof.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi na buti zangu za damu, nikalia kwa sauti kama mtoto.

Mchana nilikwenda ofisini kwa Prof. Nikamwambia yote: mkono haukufika, niliogopa kuchekwa, nikategemea kwamba yeye atanisahihisha.

Kisha akachukua kalamu mezani, akajichoma nayo kidole, mara moja, mara mbili, nikiwa namwangalia.

"Sisikie kitu," akasema. "Ni sukari. Tangu mwaka jana vidole vilikufa. Nilisema nimalize mwaka na nyie, halafu niache. Nikatafuta mwanafunzi mwenye hakosee, nikawa nafuata sauti yake."

Kwa hiyo zile "C'est ça" zote, mwaka mzima, zilikuwa zangu mwenyewe. Yeye alikuwa ananisubiri mimi, mimi namsubiri yeye, na Noëla amesimama katikati yetu.

Nikamuuliza kama siku ile alishuku. Akasema, "Sauti yako ilitetemeka. Nilisikia. Lakini watu walikuwa wananiangalia na mimi."

Jumamosi tukaenda Nyantende wawili.

Maman Nsimire alitupokea kwa heshima zote. Akatoa viti, akaleta viazi vya kuchemsha kwenye sahani ya wageni. Kamba ya Noëla ilikuwa bado imefungwa kwenye mti wa zizi, ncha moja chini.

Prof akaanza kabla hajakaa.

"Maman, tulikosea. Ngombe ilikuwa na mimba. Ni mimi nilisaini, kosa ni yangu."

Angeweza kuishia pale. Mimi ningenyamaza, na hakuna ambaye angejua. Nawaambia ukweli kwamba kwa sekunde kadhaa nilitamani iwe hivyo.

Nikasema, "Hapana maman. Ni mukono yangu. Haikufika, na nikaogopa kusema haikufika."

Maman Nsimire alimfukuza kuku aliyekuwa anakaribia sahani. Akaangalia zizi.

"Mi nilisema," akasema polepole. "Si nilisema?"

"Ulisema, maman."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa fimbo. Aliniuliza kitu kimoja tu:

"Ilikuwa mume ao muke?"

Nilikuwa nimeangalia. Ndiyo kazi tuliyofundishwa.

"Muke, maman."

Akatikisa kichwa, akainuka. Akaenda kwenye zizi, akafungua ile kamba, akaikunja vizuri na kuiingiza ndani ya nyumba. Akarudi, akakaa, akatusogezea sahani.

"Mukule," akasema, "itapoa."

Tukala, wakuu. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Shemeji tulimtafuta pia tumwombee Maman Nsimire haki yake, akasema vyote vilishagawanywa vikaisha. Prof aliandika barua fakilti akieleza hali ya mikono yake. Hajatoka tena mashambani. Darasani bado anafundisha, na kila kikundi kipya anakielezea habari za Noëla yeye mwenyewe, bila kunitaja. Mimi mwaka huu nimepewa kuwasindikiza wadogo zangu wa mwaka wa nne wakienda Mudaka na Kabare kupima. Juzi kijana mmoja alitoa mkono, jasho linamtoka, akasema "Sijafika." Wenzake wakacheka. Nilimshika bega na nikawageukia wenzake, wakadhani nimekasirika.

Funzo langu ni hilo tu. Ukiwa hujafika, sema hujafika, hata kama anayekuja nyuma yako ni bingwa. Na mwenye ng'ombe akikwambia anamjua ng'ombe wake, msikilize kwanza, masomo yako hayatakimbia.

Nimemaliza. Madaktari, mafundi, walimu, yeyote aliyewahi kuitikia kitu ambacho hakukifikia, asimulie hapa chini nisijione niko peke yangu. Wenye kunitukana pia watukane, nitasoma zote.

Ila naomba msaada mmoja. Barabara ya kwenda stage inapita Nyantende, na Maman Nsimire akiniona bado ananipungia mkono na kuniita Docta. Mwenye kujua cha kumjibu aniambie.